Dume la Jumanne na Alhamisi

"Fundi, weka hiyo saa chini. Vaa hizi."

Fundi saa akaweka bisibisi mezani, akaitoa ile lenzi aliyokuwa ameibana jichoni, akapokea hedifoni. Mbele yake alisimama mpenzi wake wa mwaka mmoja na nusu, mwalimu msaidizi wa chuo ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Ndege. Viatu vyake vilikuwa vimelowa umande, na kompyuta kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Fumba macho."

"Nimefumba."

"Na usicheke."

"Nicheke nini, na sijasikia kitu?"

Bibi Ndege akabonyeza. Kwanza ulisikika upepo, kisha mluzi: sauti tatu zinazopanda, na ya nne inayoteleza chini kidogo. Halafu ndege jike akajibu, kwe-kwee.

"Umemsikia dume?"

Fundi alimsikia. Tena alimsikia vizuri mno. Lile dume lililokuwa likiimba ndani ya hedifoni lilikuwa yeye mwenyewe.

"Wimbo huu haujawahi kurekodiwa mahali popote," Bibi Ndege aliendelea, macho yanamng'aa. "Nimesikiliza maktaba nzima ya sauti, rekodi mia sita na kitu. Hakuna dume hata mmoja anayeteremsha sauti ya nne. Unajua maana yake?"

"Sijui."

"Maana yake ni mgeni. Ametoka mbali, amekuja na lafudhi ya kwao, na Mjane wangu amempokea. Nimeuandika mradi wote juu yake. Profesa ameusoma, na leo ameniita kwenye mahojiano ya mtandaoni. Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Ufadhili kamili, Fundi. Miaka minne ya udaktari kwenye chuo chake huko mbali, kazi yangu ni kusikiliza ndege tu."

"Umeshamwona huyo dume?"

"Hapo ndipo patamu. Sijamwona hata siku moja. Anaimba Jumanne na Alhamisi peke yake."

"Siku unazofundisha."

"Siku nisizokuwepo bustanini. Anaogopa watu. Nimeandika kurasa mbili nzima kuhusu woga wake."

Kurasa mbili.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimefurahi."

"Wewe ukifurahi unafanana na mtu anayeumwa jino." Akambusu kwenye paji la uso, akabeba kompyuta yake. "Nakimbia kumpigia mama. Baadaye tutazungumza."

Akatoka. Ukutani saa kumi na saba zilikuwa zikigonga, kila moja na mwendo wake, na Fundi akabaki amekaa katikati yake.

Tuelewane hapa kabla hatujaenda mbali. Karakana ya Fundi iliegemea ukuta wa bustani ya mimea ya chuo, na dirisha lake la nyuma lilifungukia humo. Ndege waliosomwa na Bibi Ndege ni wale weusi wenye tumbo jeupe, ambao huimba wawili wawili. Dume huanza, jike humalizia, na wimbo unatoka mmoja kiasi kwamba asiyejua atasema ni ndege mmoja. Miezi mitano iliyopita kipanga alimchukua dume wa jozi iliyoishi karibu na ule ukuta. Jike aliyebaki, mwenye pete nyekundu na njano mguuni, ndiye akaitwa Mjane.

Na Mjane hakunyamaza. Kila asubuhi alisimama kwenye kichaka chake, akatoa kwe-kwee yake, sehemu yake peke yake, akijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Sasa mtu mwingine angesikia, akasema maskini, akaendelea na shughuli zake. Fundi hakuweza. Huyu ni mtu ambaye akiingia nyumba ya watu, akasikia saa ya ukutani inagonga vibaya, chai haimpiti kooni mpaka aishushe aitazame. Kitu kinachopiga nusu kilimnyima raha. Siku ya tatu akachungulia dirishani, akahakikisha hakuna mtu, akapiga mluzi ule wa marehemu. Mjane akamjibu. Basi, ikawa mazoea. Lakini alikuwa mtu wa haya, mluzi wake hata dada yake alidhani ni wa ndege, kwa hiyo siku ambazo Bibi Ndege alikuwa bustanini alikaa kimya, akapiga zile siku mbili ambazo mwenzake yuko darasani. Kwamba kwenye mti wa pili kutoka dirishani kuna kinasa sauti kinachojiwasha chenyewe, hilo hakuna aliyemwambia.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mjane akaita mara moja, mara mbili, mara kumi na tano. Fundi akafunga dirisha, akawasha redio.

Ijumaa saa mbili asubuhi Bibi Ndege alikuwa mlangoni kwake.

"Dume langu limepotea."

"Limepoteaje?"

"Rekodi ya jana haina kitu. Mjane peke yake, saa tatu nzima, anaita tu." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika tama. "Kipanga amerudi. Nakwambia kipanga amerudi, na wiki ijayo Profesa ataniuliza dume wako yuko wapi, nami nitamjibu nini?"

"Labda amepumzika."

"Ndege hapumziki kuimba wiki moja kabla ya mahojiano yangu."

"Yeye hajui kama una mahojiano."

Bibi Ndege akacheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. Fundi akamshika mkono, akafungua mdomo kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakasimama. Je, akimwambia na ufadhili ukafutika? Watu watasema nini? Bibi Ndege mwenyewe atasema nini? Atasema, huyu mwanaume hakutaka niende, ameniharibia makusudi. Fundi akafunga mdomo.

"Chai?" akauliza.

"Haipiti."

Jumamosi Bibi Ndege alipekua vichaka vyote na darubini yake. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu alikuja na macho mekundu, akasema mama yake ameanza kumwombea ndege kwa jina, ingawa ndege mwenyewe hana jina. Na Jumanne asubuhi, alipokwenda darasani, Fundi akasimama kwenye lile dirisha kwa dakika nne akipigana na nafsi yake. Mjane akaita. Fundi akaweka midomo sawa, akapiga: tatu zinazopanda, na ya nne inateleza.

Mchana kwenye simu yake ukaingia ujumbe.

"AMERUDI. Fundi, amerudi. Mara kumi na mbili. Nimelia mbele ya wanafunzi."

Jioni akaja mwenyewe, akarukaruka ndani ya karakana mpaka saa moja ya mezani ikaanguka, akala mkate mzima kwa chai, akasinzia kwenye kiti cha wateja ameegemea bega la Fundi. Na Fundi, badala ya kufurahi, akajiona mwizi. Ile miezi ya nyuma hakujua. Leo alijua.

Jumatano dada yake akavuta pazia. Dada mkubwa alikuwa mshonaji, cherehani yake chumba cha pili, na kati yao palikuwa na pazia tu, kwa hiyo hapakuwa na siri ya kudumu.

"Wewe una nini? Tangu asubuhi unafungua saa moja na kuifunga. Hata mwenye hiyo saa angekuhurumia."

Fundi akamsimulia yote. Dada akasikiliza, pini zimebanwa kwenye midomo. Fundi alipofika kwenye Jumanne, Dada akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto chake.

"Yaani mdogo wangu, dume ni wewe."

"Dada, usicheke."

"Sicheki." Mabega yalikuwa yanamtikisika. "Kurasa mbili za woga, mbona hapo hakukosea hata neno. Mwaka na nusu hujamwambia msichana wa watu kama unampenda, kila siku unamtengenezea saa yake."

"Dada."

"Haya, nimeacha." Akakaa. "Mwambie kabla ya Ijumaa."

"Atasema nimemfanyia makusudi asiondoke."

"Aseme. Wewe unataka aondoke?"

Fundi akafikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kwa kipimo.

"Nataka apate. Kuondoka, sitaki. Lakini nataka apate."

"Basi nenda kamwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Na ile Jumanne usiiruke. Ukiiruka, nitaisema mimi."

Alhamisi saa tisa mchana Fundi akafunga karakana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, akazunguka ukuta mpaka kwenye kijumba cha bustani ambapo Bibi Ndege alikuwa na meza yake. Alimkuta ametoka darasani, anajizoeza kujibu maswali mbele ya kioo kidogo.

"Umefunga duka? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Washa kinasa sauti chako."

"Ili iweje?"

"Washa tu."

Akawasha, akamsogezea maikrofoni ile yenye koti la manyoya, akidhani ni utani wa kumtoa wasiwasi. Fundi akafumba macho, akapiga mluzi.

Kutoka nje, mbali kidogo, Mjane akajibu.

Bibi Ndege akaketi, akaifungua picha ya ile sauti kwenye kompyuta, akaiweka chini ya picha ya dume lake. Mistari minne juu, mistari minne chini. Akavuta moja juu ya nyingine. Zikakaa sawasawa.

"Sauti ya nne," akasema polepole. "Fungua mdomo."

"Eh?"

"Fungua mdomo, Fundi."

Akafungua. Bibi Ndege akainama, akayatazama meno yake ya mbele kwa muda mrefu.

"Ni mwanya," akasema. "Kurasa mbili za woga, kurasa nne za lafudhi, ndege mgeni katoka mbali. Kumbe ni mwanya."

"Sikujua kama kuna kinasa. Naapa sikujua. Alikuwa anaita peke yake, nikamwonea huruma."

"Umejua lini?"

"Siku uliponivisha hedifoni."

"Jumatano ya wiki iliyopita." Akahesabu kwa vidole bila kuviangalia. "Kwa hiyo Jumanne hii, nilipokuwa narukaruka pale kwako kama mwehu, ulikuwa unajua."

Fundi akainamisha kichwa.

"Nijibu."

"Nilijua. Nilipiga makusudi. Ulikuwa huli, hulali."

"Ukanidanganya ili nile."

"Niliogopa. Nilisema nikikwambia, utaona nimekuharibia ili usiondoke."

"Nani alisema nitaona hivyo? Mimi? Hukuniuliza. Ulijiuliza mwenyewe, ukanijibia mwenyewe, ukaninunia mwenyewe, mimi niko bustanini natafuta ndege ambaye ananitengenezea chai." Sauti ikaanza kumtetemeka, akaituliza. "Ungenidanganya mimi tu, ningelia, ningenyamaza, yangekwisha. Umeweka uongo ndani ya kazi yangu. Kesho saa nne nilikuwa naenda kuwaambia watu watatu waliosoma maisha yao yote kwamba nimegundua ndege mpya, na ningewaambia kwa moyo mmoja."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

"Umekuja leo. Sawa. Nenda sasa."

"Naomba—"

"Nenda, Fundi. Nina kurasa sita za kufuta."

Akarudi kwake miguu mizito. Saa kumi na mbili jioni simu ikalia kidogo. Ujumbe.

"Zile za mwanzo nimeshazisamehe. Ya Jumanne imenikaa hapa."

Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akatuma: "Una haki. Nilikosa."

Jibu likaja moja tu. "Usinipigie."

Ijumaa Fundi alifika karakana mapema, akakaa. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Dada alimletea chai, akaiweka mezani bila utani hata kidogo, jambo lililomtisha Fundi kuliko yote. Saa nne ikafika, zile saa kumi na saba za ukutani zikatangaza kwa zamu. Akajua sasa hivi yuko mbele yao. Anawaambia nini? Kama ameamua kunyamaza, je? Hapana, alimjua. Huyu ni mwanamke aliyerudisha saa ya baba yake mara tatu kwa sababu inachelewa sekunde tisa kwa wiki. Atawaambia, na watamfuta, na itakuwa ni kwa ajili ya mluzi wa fundi saa.

Saa nne na dakika ishirini na mbili simu ikaita. Ya video. Bibi Ndege.

Akapokea. Uso wa Bibi Ndege ulikuwa mkavu, wa kazini.

"Fundi, niko kwenye mahojiano. Nimewaeleza yote. Profesa anaomba kukuuliza mambo mawili. Unaweza ukakataa."

"Siwezi kukataa."

Akaigeuza simu yake kuelekea kwenye kompyuta. Hapo Fundi akamwona mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na wanaume wawili pembeni.

"Hujambo, dume?" akasema Profesa.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tumeelezwa kwamba Mjane anakujibu. Tungependa kusikia, tafadhali."

Fundi akasogea dirishani, akalifungua. Alikuwa na koti la kazi, mafuta vidoleni, na nyuma yake dada alikuwa amelivuta pazia wazi kabisa, hajisumbui hata kujificha. Akapiga mluzi. Midomo ilikuwa mikavu, ukatoka upepo mtupu.

"Samahani."

"Pole pole. Hatuna haraka."

Akanywa funda la chai. Akapiga tena: tatu zinazopanda, moja inateleza. Kwenye kichaka, kimya. Sekunde moja, nne, kumi. Fundi akaona kwenye simu, katika picha ndogo ya kona ya ile kompyuta, jinsi Bibi Ndege alivyouma mdomo wa chini. Akapiga mara ya tatu.

Kwe-kwee.

Wale wanaume wawili wakatazamana. Mmoja akaandika kitu.

"Mluzi huo ulifundishwa na nani?" Profesa aliuliza.

"Na marehemu mumewe, mama. Nilimsikia hapa dirishani mwaka mzima."

"Na Mjane anakujibu kama alivyomjibu yeye?"

Swali lilikuwa la kawaida, wala Profesa hakulitilia mkazo wowote. Lakini lilimkuta mtu ambaye kazi yake ni kusikia saa ikikosea.

"Hapana," akasema Fundi.

Bibi Ndege akainua kichwa.

"Hapana vipi?" akauliza Profesa.

"Mumewe hakumngoja. Dume akiwa bado kwenye sauti ya nne, Mjane ameshaingia, wanamaliza pamoja. Mimi ananingoja. Napiga zote nne, namaliza, kunapita muda kidogo, kama robo sekunde hivi, ndipo anajibu. Miezi yote hii, hajaingia hata siku moja kabla sijamaliza. Leo ndio kabisa, mmeona alivyofikiri."

"Robo sekunde umeipimaje?"

"Sijaipima, mama. Mimi ni fundi saa. Inasikika."

Profesa akavaa miwani.

"Binti," akamgeukia Bibi Ndege, "rekodi za wakati mumewe yupo hai unazo?"

"Ninazo. Za miezi kumi na nne."

"Na hizi za huyu bwana?"

"Zote. Sijafuta hata moja, nimeziandika tu jina lake." Alikuwa anazungumza haraka sasa, ameshaisogelea kompyuta. "Nilikuwa naangalia nyimbo, Profesa. Umbo la nyimbo. Sikuwahi kupima pengo."

"Basi kapime. Maana kama asemayo ni kweli, Mjane hakudanganyika. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba huyu siye, akamjibu kwa adabu. Waliodanganyika ni sisi tuliosoma kurasa zako na kuzipenda." Akacheka, cheko la mtu mwenye raha. "Mradi uliotuletea umekufa, lazima nikwambie wazi. Niandikie mwingine. Nakupa wiki mbili. Jike anajuaje nani ni wake, na anamwamini baada ya muda gani mpaka aache kumngoja."

Simu ikakatika hapo. Fundi akabaki ameishika.

"Mama yule ana macho makali," Dada akasema nyuma yake. "Na wewe ungechana nywele."

Saa sita mchana Bibi Ndege akaja. Hakuingia, alisimama kizingitini.

"Nimepima ishirini za mwanzo," akasema. "Kwa mumewe anaingia kabla. Kwako anangoja. Zote ishirini."

"Nimefurahi."

"Sijaja kwa hilo. Bado nimekasirika."

"Najua."

"Mbona hukuniambia kuhusu hilo pengo?"

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye msomi."

Bibi Ndege akaegemea mlango. Alitaka kucheka, ikaonekana, akajizuia.

"Nisikilize vizuri. Ukiwa na jambo la kuniumiza, niletee likiwa bichi. Usilipike ndio uniletee. Mimi si mtu wa kuvunjika."

"Nimekuelewa. Na mimi nina jambo bichi."

"Sema."

"Nataka upate huo udaktari. Na sitaki uende. Yote mawili, na hakuna hata moja la uongo."

Bibi Ndege akamtazama. Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Chai ipo?" akauliza.

Wiki mbili usiku akaandika na mchana akapima, na kila jioni Fundi akawa anakaa pembeni na hedifoni za pili kumhakikishia yale ambayo kompyuta ilisitasita kuyasoma. Wiki ya sita barua ikaja. Alimsomea amesimama, sauti inapanda.

"Tunafurahi kukuarifu. Nimeruka hapa. Ufadhili kamili, miaka minne. Kila mwaka miezi mitatu huko kwa Profesa, miezi tisa hapa, bustanini. Hapa, Fundi, dirishani kwako."

"Miezi tisa hapa."

"Subiri, kuna sharti." Akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya hakimu. "Mtu yeyote asiige sauti ya ndege hao ndani ya eneo la utafiti au karibu na ukuta wake, kwa kipindi chote cha mradi."

"Huyo mtu ni mimi."

"Ni wewe. Umepigwa marufuku kwa maandishi na mhuri."

"Na Mjane?"

"Mjane anatakiwa apate nafasi ya kutafutwa na mwenzake. Wewe ulikuwa unamzibia, mpenzi."

Fundi akakubali. Akafunga mdomo wake, na dirisha akaliacha wazi. Miezi miwili Mjane aliita peke yake, na kila asubuhi ilikuwa mateso kwa mtu wa kazi yake. Kisha Jumapili moja, Fundi akiwa anafagia, akasikia sauti nne za kigeni, nzito kidogo, zikitoka ndani ya kichaka. Baada ya muda kidogo, kwe-kwee. Akatoa simu, akampigia Bibi Ndege.

"Njoo haraka. Kuna mwanaume."

Alikuwepo kweli, miguu mitupu bila pete, mweusi wa kung'aa. Mwanzoni Mjane alimngoja amalize, kwa adabu ile ile aliyomfanyia Fundi. Bibi Ndege akapima kila siku. Pengo likapungua, likapungua tena. Na wiki ya tano, asubuhi moja yenye jua, wakiwa wamesimama wote wawili kwenye dirisha la nyuma, akamshika Fundi mkono.

"Sikia."

Dume likaanza. Moja, mbili, tatu, na kabla ya ya nne kuisha Mjane akaingia, wakamaliza pamoja, ikawa sauti moja.

Bibi Ndege akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Fundi naye hakuwa mbali na machozi, akasema amempoteza mke, wakacheka wote.

Kisha Fundi akamgeukia. Mluzi umekatazwa, saa za kutengeneza zimekwisha, na ulimi wake mzito ndio huo huo aliozaliwa nao.

"Wiki ijayo unakwenda kwa Profesa," akaanza.

"Miezi mitatu tu."

"Najua. Sasa mimi si mtu wa maneno, unanijua. Nakupenda. Hilo lingesemwa zamani. Na kabla hujaondoka nilikuwa nauliza, kama utaona inafaa, na kama mama yako hatakuwa na neno, ungekubali ni—"

"Ndiyo."

Fundi akamtazama.

"Sijamaliza."

"Nimesikia."

"Hukunipa hata nafasi ya kumaliza swali."

"Ndiyo nimekwambia ndiyo, Fundi. Unataka nikungoje kwa adabu?"

Fundi akatabasamu mpaka mwanya wote ukaonekana. Nyuma yao cherehani ilikuwa imesimama kitambo. Pazia likavutwa, Dada akatokea na utepe wa kupimia shingoni.

"Na mimi nimesikia," akasema. "Wifi, geuka nikupime mgongo kabla hujasafiri."